Nyika ya Upareni ina wenyewe

Abiria wengi wa mabasi ya Arusha huipita nyika ya Upareni wakisinzia. Kuanzia Hedaru hadi Same na Mwanga, milima ya Upare iko mkono wa kulia. Kushoto bonde la Mto Pangani limelala, na ng'ambo yake nyika ya Wamasai inaenda hadi Simanjiro. Anayetaka safari ya kishujaa asihangaike na Mongolia wala Sahara. Ashuke hapa.

Ukame wa huku una sababu. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi huikuta milima kwa mashariki, ukamwaga mvua yake Gonja, Mamba na kwenye msitu wa Chome, chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462. Ukifika magharibi umeshakauka. Chini kunabaki migunga, mibuyu, vumbi jekundu na jua kali.

Mwanzo mzuri wa safari ni Kileo, kwenye tambarare za Mwanga karibu na Kifaru. Kusini yake liko bwawa la Nyumba ya Mungu, lililojengwa miaka ya 1960 mahali ambapo maji ya Kikuletwa na Ruvu hukutana. Kiangazi kikiwa kikali, mifugo ya pande hizi huelekea kwenye maji hayo na majani ya kando ya mito.

Tembea na mfugaji anayeijua nchi, na umwache akutangulie. Utaona kwamba kila hatua ina hesabu. Mvua zinaponyesha, makundi hutawanyika mbali, kwenye madimbwi na majani machanga. Malisho ya karibu na boma, yanayoitwa alalili, huachwa kwa ajili ya ndama na mifugo dhaifu. Jua likizidi, kundi hurudi kwenye maji ya kudumu. Kwa kuhama hivyo, majani hupata nafasi ya kuota tena. Mfugaji akifungiwa mahali pamoja, ardhi huchakaa na ng'ombe hufa.

Ukifika kwenye boma la Wamasai, salimia kwanza. Mwanamke husalimiwa "Takwenya", naye huitika "Iko". Watoto watakuinamishia vichwa uwaguse. Usimuulize mwenye boma ana ng'ombe wangapi, wala usipige picha bila ruhusa. Ukipewa maziwa ya kibuyu yenye harufu ya moshi, kunywa kwa heshima: kibuyu hicho kimesafishwa kwa kijinga cha moto, na harufu hiyo ndiyo ladha ya nyumba.

Kutoka Same mjini, lango la Zange la Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi liko kilomita chache tu. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,245 na imepakana na Tsavo Magharibi ya Kenya. Mvua zikinyesha, tembo huvuka mpaka kuingia huku. Humo faru weusi na mbwa mwitu wamerudishwa kwa kazi kubwa. Lakini nchi hiyo ilikuwa malisho ya mifugo kwa vizazi, na mwaka 1988 wafugaji waliondolewa. Baadhi yao walikwenda mahakamani, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Mgeni anayefurahia faru ana wajibu wa kulijua hilo.

Leo mashamba na uzio vinazidi kuziba mapito ya mifugo, huku ukame ukirudi mara kwa mara. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu vijiji jirani kukubaliana kutumia ardhi kwa pamoja. Viongozi wa Mwanga, Same na Simanjiro waitumie kuyalinda mapito hayo kabla hayajagawanywa viwanja. Msafiri naye amlipe mfugaji anayemwongoza ujira wa haki, alale kijijini, anunue chakula chake huko. Nyika hii haijawahi kuwa tupu. Imetunzwa na watu wanaojua lini wahame na lini warudi, na wanastahili njia zao zibaki wazi.