Microsoft na Nokia: Fundisho kwa anayetaka kununua biashara inayokufa

Kwa miaka mingi, mkulima wa Mlalo aliyetaka kujua bei ya kabichi au karoti Kariakoo kabla ya kupakia mzigo kwenye lori la kushuka Mombo, alitegemea simu ndogo ya Nokia. Ilikuwa na tochi, chaji yake ilidumu siku kadhaa, na ikianguka shambani iliokotwa, ikafutwa udongo na kazi ikaendelea. Baada ya Vodacom kuanzisha M-Pesa hapa nchini mwaka 2008, simu hiyo hiyo ilitosha kupokelea malipo kutoka Dar es Salaam.

Nokia, kampuni ya Finland, ilikuwa ya kwanza duniani kwa kuuza simu za mkononi. Modeli yake ya 1100 iliyotoka mwaka 2003 iliuzwa zaidi ya simu milioni 200. Hata hivyo, Septemba 3, 2013 kampuni hiyo ilitangaza kuwa inaiuza biashara yake ya simu kwa Microsoft ya Marekani kwa Euro bilioni 5.44, sawa na takriban Dola bilioni 7.2 za wakati ule.

Kilichofuata kinamhusu hata mkulima aliyekwisha kuuza viazi vyake, akabakiwa na fedha kidogo, kisha akasikia kuwa kuna duka la pembejeo au mashine ya kusaga inauzwa "kwa bei ya kutupa".

Wawili waliochelewa

Microsoft haikuwa maskini. Programu yake ya Windows ilikuwa ndani ya kompyuta nyingi duniani na faida yake ilihesabiwa kwa mabilioni ya dola. Tatizo ni kwamba watu walikuwa wanahama kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye simu janja, na huko Microsoft ilichelewa. Apple ilitoa iPhone mwaka 2007, na simu ya kwanza yenye Android ya Google ikatoka mwaka 2008.

Nokia nayo ilichelewa. Februari 2011, Mkurugenzi wake Mkuu, Stephen Elop, ambaye alitokea Microsoft, alitangaza kuwa simu janja za Nokia zitatumia programu ya Windows Phone. Mauzo yaliendelea kushuka.

Huku kwetu pigo lilitokea upande mwingine. Simu za Tecno, za kampuni ya Transsion ya China, zilikuja na laini mbili. Kwa mkazi wa milima ya Usambara, ambako mtandao mmoja unashika kilimani na mwingine unashika bondeni, laini mbili si anasa. Aidha, kupiga simu mtandao mwingine kulikuwa ghali, na mnunuzi wa mboga mara nyingi yuko mtandao usio wako. Nokia ilitangaza simu zake za laini mbili mwaka 2010, wakati wateja wengi walikwisha kuzoea za wengine. Mwaka 2011 Transsion ilikuwa tayari na kiwanda Addis Ababa.

Gulio lisilo na wachuuzi

Kwa nini fedha zote hizo hazikusaidia? Tuchukue mfano wa gulio. Wachuuzi huenda kwenye gulio lenye wanunuzi, na wanunuzi huenda kwenye gulio lenye wachuuzi. Ukijenga gulio jipya lenye mabanda mazuri ya bati, wakati siku hiyo hiyo watu wote wako kwenye gulio la zamani, mabanda yako yatawafaa mbuzi wakati wa mvua.

Simu janja ni gulio. Wanaotengeneza programu za kutuma picha, kusoma habari au kuweka fedha benki hupeleka bidhaa zao kwenye simu zenye watu wengi, yaani Android na iPhone. Simu za Windows mwaka 2013 hazikufika asilimia 5 ya simu janja zilizouzwa duniani. Kununua kiwanda cha Nokia hakukuwaleta wachuuzi hao.

Jambo la pili ni ushuru. Google iliwapa watengenezaji wa simu Android bure, wakati Microsoft iliwatoza ada kwa kutumia Windows. Ilipoiondoa ada hiyo Aprili 2014, gulio lilikwisha kuhama. Tena, kwa kuimiliki Nokia, Microsoft ilikuwa mwenye soko na wakati huo huo mwenye kibanda. Kampuni nyingine zilizotaka kutengeneza simu za Windows zilijikuta zinanunua mbegu kwa mshindani wao.

Hesabu ya mwisho

Mauziano yalikamilika Aprili 2014. Julai mwaka huo Microsoft ilitangaza kupunguza wafanyakazi 18,000, kati yao takriban 12,500 wakiwa wa upande wa simu uliotoka Nokia. Julai 2015 ilifuta Dola bilioni 7.6 katika vitabu vyake vya hesabu. Kufuta maana yake ni hivi: ulinunua ng'ombe, ukaandika bei yake kwenye daftari kama mali, ng'ombe akafa, sasa unapiga mstari. Wafanyakazi wengine wapatao 7,800 wakapoteza kazi. Mei 2016, biashara ya zile simu ndogo tulizozizoea ilitangazwa kuuzwa kwa FIH Mobile na HMD Global kwa Dola milioni 350.

Satya Nadella, aliyeshika uongozi wa Microsoft Februari 2014, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 2017 kwamba yeye alipinga ununuzi huo tangu mwanzo.

Nokia yenyewe haikufa. Ilibaki na biashara ya mitambo ya mitandao, na mwaka 2016 ikaichukua kampuni ya Alcatel-Lucent. Iliuza kilichokuwa kinaitia hasara wakati bado kina mnunuzi, ikashika kilichokuwa kinalipa.

Kabla hujatoa fedha

Mnunuzi wa biashara hununua vitu viwili: mali na wateja. Mali unaiona, nayo ni jengo, rafu na injini. Wateja huwaoni, nao ndio watakaokulipa. Kwa hiyo ulizia kwanza kwa nini wameondoka, na uwaulize wao wenyewe, si muuzaji. Kama wameondoka kwa sababu mashine inapasua mahindi vibaya, fundi anaweza kuwarudisha. Kama wameondoka kwa sababu barabara imehamia ng'ambo ya mto, hakuna fundi wa hilo.

Omba daftari la mauzo la misimu miwili au mitatu, ukaangalie kama yanapanda au yanashuka. Uliza madeni yaliyobaki na nani atayalipa. Kisha jiulize utafanya nini ambacho muuzaji hakukifanya; ukikosa jibu, usiliweke shamba rehani kwenye SACCOS kwa ajili ya biashara hiyo.

Microsoft ilipoteza mabilioni ikabaki imesimama, kwa sababu Windows iliendelea kuilisha. Mkulima wa ekari moja na nusu hana Windows. Akae karibu na hiyo mashine siku tatu, mojawapo iwe siku ya gulio, ahesabu debe zinazoingia, ndipo azungumze bei.