Kongoo za Lugha na Uchunguzi wa Jamii

Kongoo, kama wanaisimu wanavyoiita, ni mkusanyiko mkubwa wa matini zilizoandikwa na mazungumzo yaliyorekodiwa, uliopangwa kwa utaratibu maalumu na kuhifadhiwa katika kompyuta ili matumizi halisi ya lugha yaweze kuhesabiwa na kulinganishwa. Kinachoitofautisha na rundo lolote la maandishi ni taarifa zinazoambatana na kila matini, yaani nani aliyesema au kuandika, ana umri gani, alikuwa akiwasiliana na nani, wapi na lini. Taarifa hizo, ambazo huitwa metadata, ndizo zinazoifanya hesabu ya maneno kuwa ushahidi kuhusu jamii, kwa kuwa wingi wa maneno peke yake, hata ukifikia mabilioni, hauonyeshi ni watu gani walioyatumia.

Kanuni hiyo ilizingatiwa tangu mwanzo. Mwaka 1964, W. Nelson Francis na Henry Kučera wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, walitoa kongoo ya maneno takribani milioni moja iliyoundwa na sampuli 500 za matini zilizochapishwa nchini humo mwaka 1961, zikiwa zimegawanywa kwa aina, kama vile habari za magazeti, maandishi ya dini, sayansi na riwaya. Miaka thelathini baadaye ilikamilika Kongoo ya Taifa ya Uingereza yenye maneno takribani milioni 100, ambayo asilimia 10 yake ilikuwa lugha ya kuzungumzwa. Ili kuyapata mazungumzo ya nyumbani na ya kazini, watu 124 wa umri, jinsia, tabaka na maeneo mbalimbali walijitolea kutembea na vinasa sauti na kurekodi maongezi yao ya kila siku.

Kati ya mwaka 2012 na 2016 mazungumzo ya aina hiyo yalirekodiwa upya nchini Uingereza, safari hii yakifikia maneno takribani milioni 11.5, na hivyo kuwezesha ulinganisho wa vizazi viwili. Kwa kuwa kongoo hazilingani kwa ukubwa, watafiti hawalinganishi idadi ghafi ya matumizi ya neno, bali hukokotoa ni mara ngapi neno hilo hutokea katika kila maneno milioni moja. Kwa njia hiyo Robbie Love alibaini kwamba maneno ya matusi katika mazungumzo ya kawaida yalikuwa yamepungua kwa zaidi ya robo, kutoka takribani 1,800 hadi takribani 1,300 kwa kila maneno milioni moja, ingawa watu wengi huamini kuwa lugha ya siku hizi imezidi kuwa chafu.

Imani nyingine zilizozoeleka zimepimwa vivyo hivyo. Mwaka 2007, Matthias Mehl na wenzake walichapisha utafiti uliowahusisha wanafunzi 396 wa vyuo vikuu vya Marekani na Mexico, waliobeba kifaa kilichonasa vipande vifupi vya sauti kutwa nzima, na ikabainika kuwa wanawake na wanaume walisema takribani maneno 16,000 kila mmoja kwa siku, bila tofauti ya maana ya kitakwimu. Nao Sali Tagliamonte na Derek Denis, katika utafiti wa mwaka 2008 kuhusu ujumbe wa papo kwa papo wa vijana wa Toronto, waligundua kuwa vifupisho na viigizi vya kicheko, ambavyo vililaumiwa kuwa vinaua lugha, havikufikia hata asilimia 3 ya maneno zaidi ya milioni moja yaliyochunguzwa. Hata hivyo, matokeo hayo yanawahusu watu wa aina ile iliyochunguzwa, na hayawezi kuhamishiwa kwa wazee au wakulima wa nchi nyingine bila uchunguzi mpya.

Hatari ya kuusahau mpaka huo huongezeka data inapokuwa kubwa zaidi. Mwaka 2011, Jean-Baptiste Michel, Erez Lieberman Aiden na wenzao walitumia vitabu zaidi ya milioni tano vilivyonakiliwa kidijitali na Google, wakaonyesha jinsi jina la mchoraji Marc Chagall, ambaye alikuwa Myahudi, lilivyokaribia kutoweka katika vitabu vya Kijerumani wakati wa utawala wa Wanazi huku likiendelea kutajwa katika vya Kiingereza. Ushahidi huo wa udhibiti wa maandishi ulikuwa na nguvu kwa sababu swali lenyewe lilihusu uchapishaji. Mwaka 2015, watafiti wa Chuo Kikuu cha Vermont walitahadharisha kuwa katika mkusanyiko huo kila kitabu huhesabiwa mara moja, kiwe kimesomwa na mamilioni au na wachache, na kwamba sehemu ya maandishi ya kisayansi iliongezeka sana katika karne ya 20. Kwa hiyo, neno linaweza kuonekana kupanda chati ilhali kilichobadilika ni aina ya vitabu vilivyokusanywa.

Kiswahili nacho kina hazina yake. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, iliyojengwa chini ya Arvi Hurskainen, ina maneno takribani milioni 25 katika toleo lake la pili. Kuhesabu maneno ya Kiswahili kunahitaji kwanza kuchambua viambishi, kwa kuwa mtu anayetafuta kitenzi «penda» lazima apate pia «hatukuwapenda» na «wanapendana», na ndiyo maana Hurskainen aliunda programu ya uchanganuzi iitwayo SALAMA. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kongoo hiyo ni lugha iliyoandikwa na kuhaririwa, ambayo inafaa kuchunguza namna magazeti yanavyozungumzia siasa au jinsia, lakini haitoshi kueleza maongezi ya abiria wa daladala Dar es Salaam wala Kiswahili cha Lubumbashi. Mradi wa Kencorpus nchini Kenya umeanza kuziba pengo hilo kwa kukusanya matini pamoja na saa 177 za sauti katika Kiswahili, Kiluo na Kiluhya.

Njia iliyo rahisi ni kuvuna mitandao ya kijamii, ila wanaoandika humo ni sehemu tu ya jamii, na wengi hawatoi umri wala makazi yao. Kurekodi mazungumzo kunahitaji ridhaa ya kila anayesikika na kufichwa kwa majina, jambo linaloafikiana na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022. Masharti hayo hupunguza kasi na ukubwa wa ukusanyaji, lakini mtafiti anayeyatimiza hukutana na wasemaji wenyewe na kuzipata kihalali taarifa zinazowatambulisha kijamii. Ndiyo sababu, kwa swali linalohusu mawasiliano ya kila siku, kongoo ya maneno milioni moja yenye wasemaji wanaojulikana umri, kazi na mahali pao inaweza kujibu mambo ambayo mabilioni ya maneno yasiyo na wenyewe hayawezi kuyajibu.