Kisigino Kwanza: Uchaguzi wa Raba za Wanawake za Kukimbilia Milimani

Raba ya kiwandani huundwa juu ya kalibu, yaani umbo gumu la mguu linaloamua upana, kina na mkunjo wa kiatu kabla soli haijabandikwa, na kwa miaka mingi raba nyingi za wanawake zilitokana na kalibu ya mwanamume iliyofupishwa, rangi ikabadilishwa, kazi ikahesabiwa kuwa imekwisha. Kasoro ya utaratibu huo ni kwamba mguu wa mwanamke si mguu wa mwanamume uliofupishwa tu, kwa kuwa kwa wastani kisigino chake ni chembamba kikilinganishwa na upana wa sehemu ya mbele. Kwenye lami, nafasi inayobaki kandokando ya kisigino huvumilika. Kwenye njia ya mawe, mizizi na makorongo, nafasi hiyo huzaa madhara ambayo mara nyingi husingiziwa soli.

Mkimbiaji anaposhuka, uzito wa mwili huusukuma mguu mbele ndani ya kiatu, na kisigino kisiposhikwa, vidole hugonga ncha kila hatua hadi damu ikavilia chini ya kucha na kucha ikawa nyeusi. Akikanyaga jiwe kwa upande, mguu huo uliolegea hupinduka ndani ya kiatu ingawa soli imeshika vizuri, na kifundo huteguka. Kupanda hudai mengine, hasa wepesi na mshiko wa mbele, na mashindano ya dunia ya mbio za milimani yaliitambua tofauti hiyo kwa kupishanisha mwaka wa kupanda tu na mwaka wa kupanda na kushuka. Mkenya Lucy Wambui Murigi alishinda ya aina zote mbili, Premana, Italia, mwaka 2017, na Canillo, Andorra, mwaka 2018.

Kwa hiyo dukani kinachopimwa kwanza ni kisigino, tena jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama unavyovimba mbioni. Mnunuzi afunge kamba, ashuke ngazi au asimame kwenye mteremko akitazama chini, kisha ahakikishe kwamba kisigino hakichomoki na kwamba mbele ya kidole kirefu zaidi, ambacho kwa baadhi ya watu ni cha pili wala si gumba, imebaki nafasi ya takriban sentimita 1. Kosa la kawaida ni kupanda namba ili kupata upana: katika vipimo vya Ulaya namba moja huongeza urefu wa karibu milimita 7, kwa hiyo vidole hupumua lakini kisigino huzidi kuchezacheza. Anayebanwa mbele atafute kalibu pana, si namba kubwa. Aliyejifungua naye apimwe upya, kwa sababu mimba huweza kuushusha upinde wa unyayo na kuurefusha mguu, na badiliko hilo huweza kudumu.

Soli hufuata. Meno yake, yaani vinundu vya mpira vinavyoshika ardhi, yanafaa kuwa na urefu wa milimita 6 hivi na kuachana vya kutosha kwenye udongo mwekundu unaonata kama ule wa Usambara wakati wa masika, ilhali mwamba mkavu hudai meno mafupi yaliyokaribiana, ili mpira mwingi zaidi uguse jiwe. Mpira laini hushika mwamba uliolowa, ila huisha upesi. Utando wa kuzuia maji husifiwa kupita kiasi: katika kijito kinachofika juu ya kifundo maji huingia kwa juu, na utando uleule huyazuia kutoka.

Wakimbiaji wengi wa Afrika Mashariki hununua mitumba, ambako raba ya kiume yenye namba ndogo huuzwa kama ya kike, na ambako meno mazuri huweza kuficha soli ya kati iliyochoka, yaani tabaka la sponji linalopunguza kishindo. Tabaka hilo libonyezwe kwa kidole gumba: likiwa gumu, au likiwa na makunyanzi mengi ubavuni, limeshapoteza mnepo. Kiatu kiwekwe pia mezani na kutazamwa kwa nyuma, kwani kisigino kilicholalia upande mmoja kimeshaufuata mguu wa mwenyewe wa kwanza, na hakuna kamba inayoweza kukinyoosha.