KIOO CHA PIKIPIKI KIKIVUNJIKA, UNUNUE KIPI?

Mtu asafiriye kwa pikipiki kutoka Nairobi mpaka Mombasa, mwendo wa kilometa 480 hivi, huijua kazi ya kioo cha mbele siku ile kinapovunjwa na jiwe lililorushwa na gurudumu la lori. Upepo humpiga kifuani njia nzima, na mikono huchoka kwa kushika usukani. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya upepo huzidi mara nne. Aliyevumilia kilometa 50 kwa saa asidhani atavumilia 100 vivyo hivyo.

Wengi wakifika dukani hutaka kioo kirefu kuliko vyote. Hapo ndipo hatari ilipo. Kioo kikipita macho, mwendeshaji hulazimika kuitazama njia kupitia kioo chenyewe. Mchana wa jua haoni taabu. Lakini akikutwa na mvua usiku huko Limuru, matone hushika juu ya kioo, mwanga wa taa za magari yanayomjia hutawanyika katika matone na mikwaruzo, naye haoni shimo wala mtu aendaye kwa miguu. Kioo hiki hakina waipa kama cha motokaa.

Basi yafaa kupima kwanza. Keti juu ya pikipiki kama uketivyo safarini, kofia kichwani, mwenzako akiishika wima. Ukingo wa juu wa kioo uwe sawa na ncha ya pua, usipite hapo. Utauliza, je, upepo hautanipiga usoni? Upepo ufikapo ukingoni hurushwa juu, nao hupita juu zaidi ya ukingo wenyewe. Kama una shaka, kata karatasi ngumu ya boksi, uibandike mahali pa kioo, utazame. Ila usiendeshe nayo.

Kioo kifupi mno nacho kina udhia wake: upepo huo uliorushwa huangukia kofia, kichwa kikatikisika na masikio yakavuma.

Nacho kwa kweli si kioo, ni plastiki. Akriliki hung'aa vizuri wala haikwaruziki upesi, lakini jiwe huipasua. Polikaboneti huvumilia mawe sana, ila hukwaruzika upesi isipopakwa utando mgumu kiwandani, na petroli huiharibu. Kwa njia zenye kokoto mimi ningechagua hiyo ya pili. Ioshwe kwa maji mengi na sabuni laini. Kuifuta vumbi likiwa kavu ni sawa na kuipiga msasa.

Wakati wa kufunga, tumia washa za mpira wala usikaze skrubu kwa nguvu, maana plastiki huanza kupasuka penye tundu. Kisha geuza usukani kushoto hata mwisho, na kulia hata mwisho, uangalie kioo kisiguse tangi wala waya wa breki usivutwe. Safari ya kwanza iwe fupi na ya polepole, hasa ikiwa kioo kimefungwa kwenye usukani, kwa kuwa upepo wa ubavuni hukisukuma, usukani ukayumba pamoja nacho.