Kuijua Kamera ya Filamu: Mwongozo kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi Tana na Garsen

Fasihi simulizi haikai katika maneno pekee. Uso wa fanani, ishara za mikono na mwitikio wa hadhira ni sehemu ya utendaji, na kinasasauti hakiwezi kuvihifadhi. Suala hili ni zito katika bonde la Mto Tana, ambako Wapokomo hulima kandokando ya mto na Waorma hufuga. Ni wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto uliotoa lahani ya Wimbo wa Taifa wa Kenya mwaka 1963. Makala haya yanafafanua vidhibiti vya kamera ya filamu kwa kuzingatia mwanga wa Garsen.

Vidhibiti vikuu ni vitatu. Kwanza ni wepesi wa filamu kuhisi mwanga, unaoonyeshwa kwa nambari kama 100, 200 na 400. Nambari hiyo hupangwa mkanda unapotiwa. Pili ni tundu la lenzi: 2.8, 4, 5.6, 8, 11 na 16. Nambari ikikua, tundu hupungua, na vitu vya karibu na vya mbali huonekana wazi kwa pamoja. Tatu ni kasi ya pazia linalofunguka mbele ya filamu: sekunde 1/60, 1/125, 1/250 na kuendelea. Mikono ya mpiga ngoma huhitaji angalau 1/250, la sivyo itatoka ukungu mtupu.

Kila hatua ya tundu au pazia huzidisha mwanga maradufu au huupunguza kwa nusu. Kwa hiyo, penye jua kali na filamu ya 100, tundu la 16 na pazia la 1/125 hutoa mwanga sawa na tundu la 11 na pazia la 1/250.

Hata hivyo, kipimamwanga cha kamera hudanganyika. Hicho huchukulia kwamba kila kilicho mbele yake kina wastani wa rangi ya kijivu. Fanani akisimama mbele ya anga jeupe au maji yanayometa, kamera hupunguza mwanga na uso wake hubaki giza. Dawa yake ni kumsogelea, kupima mwanga usoni, kupanga vidhibiti kwa mkono, kisha kurudi nyuma na kupiga. Ngozi nyeusi huakisi mwanga mchache, hivyo kipimo hicho huweza kuzidisha mwanga kidogo. Lakini filamu ya negativu huvumilia ziada kuliko upungufu.

Aidha, mkanda wa kawaida hutoa picha 36, na kosa halionekani hadi usafishwe. Joto nalo huiharibu filamu. Isiachwe ndani ya gari juani.

Kwa kuhitimisha, utendaji haurudiwi vilevile. Mtafiti asiyevijua vidhibiti hivi anaweza kurejea chuoni na wimbo usio na uso wa aliyeuimba.