Ncha ya bastola ya kuigizia ikilegea

Fundi wa Tandika au Mbagala, jijini Dar es Salaam, mwenye jiriwa, tupa na nyundo hutengeneza chochote anacholetewa: pedeli ya baiskeli, kufuli, jiko la mkaa. Siku akiletewa bastola ya kuigizia filamu, ana haki ya kusita. Kwa macho haina tofauti na ile ya kweli. Ni rivolva, yenye silinda inayozunguka, na ubovu wake ni mdogo: kile kipande chembamba kilichosimama juu ya mdomo wa mtutu, yaani ncha ya kulengea shabaha, kimelegea.

Wapo watakaosema kiachwe, kwa kuwa mwigizaji halengi kitu. Sikubaliani nao. Tangu filamu ya Kitanzania ya Girlfriend ya mwaka 2003 ilipofungua njia, hadithi za ujambazi, madeni na usaliti zimepigwa kwa wingi katika nyumba na mitaa ya Kinondoni, na mtazamaji wetu amekomaa. Kamera ikiusogelea mkono wa jambazi, ncha hiyo ndiyo iliyo mbele kabisa. Ikiwa imeinama kushoto wakati anaingia sebuleni, kisha imesimama wima anapofyatua, mtazamaji anatoka ndani ya hadithi na kuanza kuhesabu makosa. Filamu za bajeti ndogo zinastahili uangalifu uleule wa filamu kubwa.

Lakini kabla ya kushika nyundo, fundi ajue anashika nini. Kuitwa nakala hakumaanishi kuwa haiui. Italia kuna viwanda, kama Uberti na Pietta, vinavyounda nakala za bastola za Kimarekani za karne ya 19, na nyingi kati yake hufyatua risasi za kweli. Tarehe 21 Oktoba 2021, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, mpigapicha Halyna Hutchins aliuawa akiwa kazini kwenye filamu ya Rust. Bastola iliyokuwa mkononi mwa mwigizaji Alec Baldwin ilikuwa nakala ya Pietta, na ndani yake mlikuwa na risasi halisi. Aliyekuwa na dhamana ya silaha kwenye filamu hiyo, Hannah Gutierrez-Reed, alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miezi 18. Kwa hiyo silinda ifunguliwe, kila tundu litazamwe, mtutu umulikwe. Ya kuigizia tu huwa imezibwa mtutu au silinda yake haina matundu ya kupitisha risasi. Isiyozibwa irudishwe kwa mwenyewe bila kuguswa, maana hiyo ni habari ya polisi na ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Ikithibitika kuwa ni ya kuigizia, kosa la kwanza linalonyemelea ni kuchomelea. Fundi aliyezoea mageti huona kazi ya dakika moja. Ila bastola nyingi za namna hii hazikuundwa kwa chuma. Ni zinki iliyochanganywa na aluminiamu kidogo, ikamiminwa kwenye kalibu. Mchanganyiko huo huyeyuka kwenye nyuzijoto zipatazo 385 tu, wakati chuma husubiri mpaka karibu 1,500. Moto wa kuchomelea utaula mdomo wa mtutu kabla ncha haijashika. Kulehemu kwa madini ya risasi nako ni shida, kwa sababu zinki hujivika utando upesi na lehemu haishiki vizuri.

Njia ya kuaminika ni ya baridi. Ncha ichomolewe taratibu kwa koleo lililofungwa kitambaa. Gundi ya zamani ikwanguliwe mpaka chini ya mfereji unaoishika ncha, kisha mfereji na shina la ncha vikwaruzwe kwa msasa, vifutwe kwa spiriti, viachwe vikauke. Kama mfereji umepanuka, kingo zake zigongwe kidogo kidogo kwa patasi butu ili zibane. Kwa nguvu hapana, maana zinki hupasuka. Halafu ipakwe gundi ile ya mirija miwili inayochanganywa, ncha irudishwe, na fundi achungulie kutoka nyuma ya silinda kuhakikisha imesimama katikati. Gundi ya haraka ya tone moja haifai hapa: inashika upesi lakini haivumilii kishindo, na bastola ya filamu huangushwa sakafuni kila mara. Iachwe jiriwani usiku kucha, kisha rangi nyeusi isiyong'aa ifunike alama za kazi.

Linalonipa wasiwasi zaidi ni safari ya kwenda na kurudi. Anayeiona bastola kiunoni mwa kijana ndani ya daladala ya Mbagala hatauliza kama ni zinki. Atapiga kelele za mwizi, na katika jiji hili tunajua kelele hizo zinaishia wapi. Kifaa hiki kisafirishwe ndani ya sanduku lililofungwa, mikononi mwa msimamizi wa vifaa mwenyewe, pamoja na barua ya kampuni ya filamu na kibali cha Bodi ya Filamu cha kupiga picha. Siku ya kurekodi nje, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kituo cha polisi cha jirani wawe wamearifiwa mapema. Fundi naye asiikabidhi kwa kijana wa bodaboda aliyetumwa kuifuata, hata kama malipo yote yamekwisha kutumwa kwa simu.