Kumfuata Mtoto si Kumwachia

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, leo tunapenda tuzungumzie jambo lililo mikononi mwa kila mzazi, nalo ni namna tunavyowafunza watoto wadogo.

Mzazi mmoja wa Mafinga, mkoani Iringa, alitujia baada ya sala ya Ijumaa akiwa na dukuduku. Mwanawe wa miaka sita hulia kila jioni inapofika saa ya kwenda madrasa. Nyumbani mtoto huyo huyo hukaa na mama yake akichambua maharage, ya manjano huku, ya madoadoa kule, akayahesabu mpaka hamsini bila ya kuamrishwa. "Lakini ustadhi anasema ni mzito," alituambia. Tukamuuliza: aliyefika hamsini kwa hiari yake, uzito wake uko wapi?

Iko njia ya elimu inayoanzia pale alipo mtoto. Aliyeieneza zaidi ni Maria Montessori, daktari wa Kiitaliano (1870–1952), ambaye Januari 1907 alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo, mjini Roma. Humo waliwekewa meza na viti vya kimo chao na vifaa vya kushika kwa mikono, wakaachiwa kuchagua kazi. Mwalimu wa njia hii huonesha, kisha hungoja; hutazama ni kipi kilichomshika mtoto, na kwa hicho humpeleka hatua ya pili. Rika huchanganywa, na wakubwa huwasaidia wadogo.

Msomaji aliyepitia chuoni atatabasamu, kwani nusu ya hayo tunayo tangu zamani. Katika vyuo vyetu vya Qur'ani kila mtoto ana mahali pake: huyu yumo katika alifu na bee, yule yumo katika Juzuu Amma, na aliyetangulia hamsubiri mwenziwe. Mkubwa humshikisha mdogo. Kosa letu ni kuwa juu ya utaratibu huo mwema tuliweka bakora. Sisi wenyewe tulichapwa, na yako mambo tuliyoyahifadhi kwa hofu ambayo maana yake tuliijua ukubwani.

Bakora hiyo hatukuirithi kwa Mtume (S.A.W.). Anas bin Malik alimtumikia miaka kumi, naye alisimulia kuwa hakupata kukemewa hata kwa neno dogo la kuudhika. Ndugu yake mdogo, Abu Umair, alipofiwa na ndege wake, Mtume alizungumza naye kwa kumuuliza habari za ndege huyo; alianza na lililokuwa moyoni mwa mtoto. Na Ibn Khaldun, katika Muqaddimah aliyoiandika mwaka 1377, alionya kuwa ukali humfunza mwanafunzi uvivu, uongo na hila.

Wako watakaotukumbusha hadithi ya kuamrishwa sala katika miaka saba na kuadhibiwa katika miaka kumi. Twaijua. Lakini baina ya saba na kumi mna miaka mitatu ya kuelekezwa, na wanavyuoni wameiwekea adhabu hiyo masharti, likiwemo la kutomuumiza mtoto. Haiwi hoja ya kumpiga wa miaka sita kwa kuchanganya jimu na haa. Mwaka 2016 nchi nzima iliona picha za video za walimu wa mazoezi wakimpiga mwanafunzi wa sekondari moja mjini Mbeya. Ukali wa namna ile hauanzii sekondari; huanza pale tunapokizoea kilio cha mdogo.

Je, Waislamu wa Afrika Mashariki wameweza kuifuata njia hii? Wameweza. Mjini Mombasa, katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu waliomba msaada wa Taasisi ya Aga Khan, na kwa juhudi za mwalimu Swafiya Said zikaanza shule za awali za madrasa. Programu hiyo iliingia Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Darasa lina pembe za vitabu, za kujengea na za mambo ya nyumbani. Vifaa ni vifuu, mbegu na vizibo vya chupa. Na mafunzo ya dini yamo ndani yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulionesha kuwa watoto wa shule hizo waliendelea kiakili kuliko wa shule nyingine za awali, na kuliko waliobaki nyumbani.

Sisi wa nyanda za juu hatuna vifuu, lakini tuna maharage, magunzi ya mahindi, mianzi, na matunda ya misonobari ya Sao Hill. Tuna pia watoto wanaosema Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa nyumbani, kisha wakakutana na Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza karibu kwa pamoja. Mwalimu asiyemsikiliza mtoto atadhani ni mjinga, kumbe hajaielewa lugha.

Hatusemi kila kitu kiachiwe mtoto. Matamshi ya Qur'ani hayabuniwi. Hupokewa kinywani mwa mwalimu. Sala ina nyakati zake, na adabu ina mipaka yake. Mtoto apewe nafasi katika kiasi cha somo, mwendo wake na kifaa cha kujifunzia. Kumfuata mtoto ni kumwangalia kwa karibu, na hiyo ni kazi nzito kuliko kumchapa.

Basi tunaziomba kamati za madrasa za Mbeya na Iringa mambo matatu: bakora iondolewe kwa watoto wadogo, itengwe pembe moja ya msikiti yenye vifaa vya kushika, na Waislamu wanaosomea ualimu, wakiwemo wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, waalikwe wakae na maustadhi wetu. Nasi wazazi, mtoto arudipo tumuulize amefanya nini kabla ya kumuuliza amekuwa wa ngapi.

Yule mzazi wa Mafinga tulimshauri ampe mwanawe kifuko cha maharage aende nacho madrasa, na amwombe ustadhi ampangishe kwayo umbo la alifu, kisha la bee. Ni jambo dogo, lakini huenda kilio kikakoma hapo.

Wabillahi tawfiq.